Daktari wa Mstari wa Mbele

Kaburi la Daktari Ithel Parfitt liko Tremaen, ng'ambo ya mlima. Jiwe lake wamelichonga vizuri mno, kana kwamba wao ndio waliomzaa. Hawakumzaa. Alizaliwa hapa Pant-y-Gof, katika mtaa unaotazamana na lango la machimbo ya makaa ya mawe, na mimi nilikuwepo, msichana mdogo, nimeshika taa huku mkunga akimhimiza mama yake asukume. Kwa hiyo watu wa Tremaen wakikwambia "daktari wetu", wewe itikia kwa adabu, kisha uje uniulize mimi, Sephora Beynon, au Seffi, mwenye baa ya Kondoo Mweupe.

Nilidhani nimeshamaliza kukasirika. Lakini mwaka jana, siku ya mazishi, nusu ya Pant-y-Gof ilivuka mlima kwenda kumlilia. Wanaume wale wale waliomfukuza walisimama kwenye mvua na kofia zao mikononi, wanafuta macho. Niliwatazama tu. Sikuwapa hata leso.

Miaka yote aliyokaa Tremaen, watu wetu walikuwa wakimpelekea watoto wao wenye homa, wakipita njia ya kondoo ili wasionekane, naye hakumuuliza hata mmoja, "Wewe uliinua mkono?" Aliwatibu. Tremaen walimbembeleza awachezee raga, akakataa kuvaa jezi yao mpaka mwili ukamwishia hamu ya mpira. Huyo ndiye mtu tuliyempoteza, na tulimpoteza kwa sababu ya mgongo.

Nianze mbali kidogo. Baba yake alifukiwa shimoni Ithel akiwa bado anatambaa. Mama yake, Rahel, akawa anafulia watu nguo, na mtoto akakulia nusu kwao na nusu jikoni kwetu hapa baani, kwa kuwa jikoni kwetu kulikuwa na moto na mabaki ya nyama. Mungu alimpa vitu viwili, kichwa chepesi na shingo nene. Mwalimu alikipenda kichwa, vijana wa raga wakaipenda shingo. Rafiki yake alikuwa Gomer Hopkin, aliyemzidi umri kidogo na kumzidi kelele sana. Gomer akaingia shimoni na taa yake, Ithel akapelekwa London kusomea udaktari kwa michango ya kanisa na ya wachimbaji.

Huko London hospitali zina timu zao za raga, na nasikia wanachezeana vibaya kuliko sisi, kwa sababu wanajua watakaowaunga mifupa. Ithel aling'ara. Mara moja akaitwa kuvaa jezi nyekundu ya taifa. Mara moja tu, lakini kwetu ilitosha; gazeti lililotaja jina lake lilisomwa kwenye baa yangu mpaka likachanika mikunjo. Kisha akarudi na mkoba wa daktari na pua iliyovunjika, na watu wakauliza habari za pua kwanza.

Kwetu daktari haletwi na serikali wala na mwenye machimbo. Kila mchimbaji hukatwa kidogo kwenye mshahara, na waliokatwa ndio wanaomchagua daktari, kila mwaka, ukumbini, kwa kuinua mikono. Ukiwapendeza unabaki. Ukiwaudhi unafunga mkoba. Sisi wanawake hatukuwa na mkono wa kuinua, tulikuwa wa kubeba chai, lakini macho na masikio hakuna aliyetukataza. Nakumbuka Ithel alivyoingia mara ya kwanza, na mwenyekiti, mzee Esaia Mathias, akasogeza vyeti pembeni.

"Hivi tumeviona, ni vizuri. Sasa tuambie la maana, kijana. Unacheza nafasi gani?"

"Mstari wa mbele, mzee."

"Kulia kwa Gomer au kushoto?"

"Popote Gomer atakaponiweka."

"Huyo ndiye daktari!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na mikono yote ikapanda.

Gomer alimweka kulia kwake. Wanaojua raga wanajua maana yake. Katika ule msukumano tunaouita skramu, mtu wa katikati anawakumbatia wenzake wawili mabegani, ananing'inia kati yao, shingo yake mbele ya watu wanane wa upande wa pili. Gomer ndiye aliyekuwa katikati, na mkono wake wa kulia ulikaa juu ya bega la Ithel kila Jumamosi. Nimeona ndoa zisizo na ukaribu huo.

Na alikuwa daktari mzuri! Nasema hivyo si kwa kuwa alipanga chumba cha juu kwangu na kunimalizia viazi. Alimshona mtu paji la uso wakati wa mapumziko, akanawa mikono, akarudi uwanjani. Aliwafundisha akina mama kufungua madirisha. Jambo moja tu lilimshinda. Siku hizi vijana wanaoga langoni kwa machimbo na kusuguana wakiimba, lakini wakati ule mgongo wa mchimbaji ulikuwa hauoshwi. Mtu anarudi mweusi kama chungu, anaingia kwenye beseni mbele ya moto, mke anamsugua kichwa, kifua, mikono, miguu. Mgongo anaupangusa kwa kitambaa kikavu, basi. Ukiuosha unalegea, na mgongo ukilegea utachimba na nini? Babu zetu walijua hivyo.

"Osheni migongo!" Ithel alikuwa akiwaambia. "Ule ni uchafu tu, siyo dawa."

"Wewe wako umeoshwa London, Daktari," wakamjibu, "ndiyo maana inabidi tukusukumie sisi."

Naye alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, yule.

Sasa, tangu malkia mzee wa kule London afe, hatukuwa tumewafunga Tremaen hata mara moja. Februari ile Tremaen walikuja kwetu, na timu yetu ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kuzipikia. Uwanja haukuwa na kibanda, kwa hiyo vijana wetu walibadilishia nguo jikoni kwangu, na wageni kwenye banda la farasi upande wa pili wa ua. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Nilikuwa nakata mkate Ithel alipomwona Gomer ameweka mguu juu ya benchi na mwenzake anamfunga kamba za kiatu.

"Tangu lini unavalishwa viatu kama bibi harusi?" Ithel akauliza.

"Tangu niwe nahodha."

Wakacheka wote. Ithel hakucheka safari hii. "Inua mkono."

Gomer akainua wa kushoto.

"Wa kulia, Gomer."

Wa kulia ulifika usawa wa bega, ukakwama. Gomer akajifanya anajikuna kidevu.

"Jiwe?" Ithel akauliza kwa sauti ya chini.

"Kijiwe. Juzi, Alhamisi. Kimenigusa tu, usinikuzie mambo."

Ithel akampandisha jezi mgongoni. Mgongo ulikuwa mweusi kuanzia kiunoni hadi shingoni, huoni alama, huoni kidonda, huoni chochote. Akagusa kwa vidole chini ya shingo, na Gomer akabana pumzi.

"Shangazi Seffi, lete maji ya moto na sabuni."

Mungu wangu, kelele zile! Ungedhani ameomba kisu. "Umerogwa, Daktari?" "Mgongo? Leo? Siku ya Tremaen?" "Muoshe kesho, bwana, leo tunamhitaji!" Gomer akashusha jezi yake mwenyewe.

"Sikiliza," Ithel akamwambia. "Nadhani mfupa umepasuka. Skramu ikianguka juu yako hutaamka. Na ukiamka, utaamka kichwa peke yake, mwili utabaki kulala. Huchezi."

"Anayepanga timu ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi vua jezi, Ithel. Idris atacheza mahali pako."

Ithel akavua jezi, akaikunja, akaiweka mezani kwangu karibu na mkate, akatoka nje na fulana tu. Nikadhani anakwenda kupoza hasira. Halafu nikamwona dirishani, anakatiza ua kwenye mvua, anaelekea banda la farasi.

Aliyoyasema mle ndani niliambiwa baadaye na Watkin Bufton, nahodha wa Tremaen, jitu lenye sikio moja na nusu. Ithel alimwambia, "Mtu wetu wa katikati ameumia mfupa chini ya shingo. Mkisukuma kama kawaida yenu mtamuua. Nakuomba msiingie uwanjani kama yeye yumo."

Bufton akamuuliza, "Kwenu wanajua umekuja?"

"Watajua sasa hivi."

"Watakuchuna ngozi, ndugu yangu."

"Najua," Ithel akasema.

Basi Bufton akavuka ua na timu yake nzima nyuma yake, akasimama mlangoni kwangu, akaziba mwanga wote. "Gomer Hopkin," akasema, "sisi hatusukumani na mgonjwa. Kaa pembeni, au mechi hakuna."

Gomer hakumtazama Bufton. Alimtazama Ithel, aliyekuwa analowa nyuma yao.

"Umekwenda kwao?"

"Nimekwenda."

"Kwao! Mambo yangu!" Gomer akageuka mwekundu mpaka masikioni. "Seffi! Maji! Leta beseni, leta ndoo, leta mto mzima! Nioshwe wote waone hakuna kitu, halafu nimng'oe huyu meno mbele ya wageni!"

Nikaleta maji. Lakini nani amwoshe? Wanaume wale, wetu kwa wao, walirudi nyuma kama vile beseni lilikuwa na nyoka. Kila mmoja wao alikuwa na mgongo wake mweusi chini ya jezi. Aliyejitokeza ni Ceinwen, mke wa Gomer, aliyekuwa amekuja kunisaidia kupika na sasa ametoka ghalani. Akakunja mikono ya gauni, akachovya kitambaa, akaanza. Maji ya kwanza yakawa wino, nikayamwaga nje. Ya pili vilevile. Ya tatu, ngozi ikaanza kuonekana, nyeupe kama ya mtoto, maana haikuwa imeona mwanga tangu aingie shimoni. Na katikati ya weupe ule, chini tu ya shingo, palikuwa na doa kubwa kama sahani, rangi ya ini, na ndani yake mfupa umetuna mahali ambapo mfupa hautuni.

Bufton akavua kofia.

"Gomer," Ceinwen akasema, na kitambaa kikamdondoka. "Nimelala pembeni ya kitu hiki siku mbili hizi, na hukuniambia?"

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Gomer aliumbuliwa na sabuni, na ashukuru Mungu. Aliinama kutaka kujiona kwenye kioo cha dirisha, hakuweza kugeuza shingo, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipoogopa. Walimlaza juu ya mlango wa banda la farasi, wetu wakashika upande mmoja na Tremaen upande wa pili, Ithel akimshika kichwa, wakampandisha nyumbani kwake polepole. Mechi ilichezwa. Ukiniuliza kwa nini, basi wewe si mtu wa bonde hili. Bila Gomer na bila Ithel mstari wa mbele ulikuwa uzio wa matete, na tulifungwa trai moja kwa bila.

Kwa majuma Gomer alilala chali juu ya ubao, mifuko ya mchanga huku na huku ya shingo, Ithel akienda asubuhi na jioni. Gomer hakumsemesha. Alifungua kinywa akalishwa, akainua mguu akiambiwa, lakini neno hakutoa. Miguu ilirudi upesi. Mkono wa kulia haukurudi. Ulifika begani, ukakwama pale pale. Mchimbaji asiyeweza kuinua sululu juu ya kichwa hana kazi, na Gomer bila kazi hana nyumba, maana nyumba ni ya machimbo. Ithel alikuwa akikaa mezani kwangu anazungusha kijiko kwenye bakuli.

"Kula, mwanangu."

"Miguu nilikuwa na hakika nayo, Shangazi. Mkono sina hakika. Nikiukosa mkono, nimemwokoa nusu."

Kisha siku moja Gomer akafungua kinywa hatimaye, na alichosema ni, "Usije tena hapa." Tangu siku hiyo Ithel alikuwa akienda mlango wa nyuma, anamwonyesha Ceinwen namna ya kuuvuta ule mkono na kuukanda, na Ceinwen anakwenda kumfanyia mumewe ndani kana kwamba ni akili yake mwenyewe. Ithel hakumwona tena mgonjwa wake.

Na mtaani? Mtaani walinuna. Wasikudanganye kwamba walisema daktari alikosea kuhusu mfupa. Mfupa waliuona. Walichosema ni kwamba alikwenda kwao. Angeweza kumlaza Gomer chini kwa ngumi, walisema, angeweza kumficha viatu, angeweza kumwita mkewe, lolote, ila si kuvuka ua ule. Kusema kweli hata mimi nilimwambia hivyo, nikiwa nimeshika mwiko.

"Kulikuwa na muda wa kumwita Ceinwen?" akaniuliza.

"Alikuwa ghalani kwangu, anamenya viazi!"

"Sikulijua hilo," akasema. Nikajuta kumwambia.

Aprili ukafika mkutano wa kila mwaka. Desturi ni kwamba daktari hakai ukumbini akijadiliwa, kwa hiyo nilimwachia bakuli la supu ya kondoo jikoni, nikachukua birika zangu nikaenda. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mmoja akasimama akasema daktari amemwaga mtama penye kuku wengi. Mwingine akasema daktari huyo huyo ndiye aliyemtoa mwanawe kwenye homa ya mapafu, na kama Tremaen ni kuku basi na sisi ni majogoo. Wakacheka kidogo, nikapata matumaini. Halafu mlango ukafunguliwa na Gomer Hopkin akaingia. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana nje. Alitembea wima, shingo imekaza, na watu wakampisha njia.

"Nina maneno machache," akasema. "Ithel Parfitt aliniokoa. Asiyejua ajue, natembea kwa sababu yake. Lakini daktari anaingia nyumbani kwako, anajua mkeo ana nini, anajua wewe una nini. Akitoka nje na kuyapeleka kwa watu wengine, hata kwa wema, kesho nani atamvulia shati? Alinivua nguo mbele ya Tremaen. Mimi simtaki."

Hakuwa mjinga, Gomer. Laiti angekuwa mjinga ningemsamehe mapema.

Mzee Esaia akakohoa. "Wanaotaka aende, mikono juu."

Hakuna aliyeinua. Wote walimtazama Gomer, wanaume zaidi ya mia wanangoja mmoja. Akainua wa kulia. Ulipanda mpaka begani, ukasimama, nikaona mshipa umemtoka shingoni na jasho kwenye mdomo wa juu. Ceinwen, kando yangu, alinishika kiwiko mpaka akaniumiza. Mkono ukatetemeka, ukapanda tena, ukapita sikio, ukanyooka juu ya kichwa chake mpaka vidoleni, na akaushikilia huko. Ndipo mikono mingine ikafuata, mmoja hapa, mmoja pale, kisha yote kwa pamoja.

Niliweka birika sakafuni, wajitilie wenyewe. Nilishuka mtaa nikiongea peke yangu kama mwehu. Ithel alikuwa palepale nilipomwacha, supu imepoa mbele yake, hajaigusa. Akaniangalia usoni na hakuhitaji kuuliza.

"Ni Gomer," nikamwambia. "Alikuja kwa miguu yake uliyompa, akainua mkono wa kwanza! Shukrani ya punda ni mateke, wallahi! Asingeinua yeye, hakuna ambaye angeinua!"

Akasimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mkono gani?"

"Mkono gani nini?"

"Shangazi, aliinua mkono gani?"

"Wa kulia."

"Mpaka wapi? Nionyeshe."

Nikamwonyesha, nikaunyoosha wangu juu mpaka ukagusa nyama zilizoning'inia darini.

"Ulinyooka hivyo? Hakuukunja?"

"Ulinyooka. Akaushikilia mpaka walipomaliza kuhesabu."

Akafunika uso kwa viganja vyake, yule mtu mzima mwenye pua iliyovunjika, mabega yakamtikisika, na alipoviondoa alikuwa anacheka.

"Amepona," akasema. "Shangazi, Gomer amepona."

Kisha akaokota kiti, akakaa, akavuta bakuli akaila supu yote ile baridi, akaomba na mkate. Aliyelia ni mimi.